Kisa cha mtoto aliyekuwa anang'ata: niliyoyaona kitengoni wakati wa BTP

Naandika hiki kisa kwa ajili ya wenzangu mnaosomea elimu maalumu na mnasubiri kupangiwa shule za BTP, yani mazoezi ya kufundisha, na kwa wazazi pia, maana nilipokuwa natafuta kitu cha kusoma kwa Kiswahili kuhusu mtoto anayeng'ata wenzake darasani sikupata cha maana, nilikuta ushauri wa jumla tu, upendo na uvumilivu, sawa, ila upendo haukuambii ufanye nini saa nne na nusu asubuhi mtoto ameshika mkono wa mwenzake kwa meno na darasa zima linalia.

Jina la mtoto nimebadilisha, nitamwita Baraka. Shule siitaji, jueni tu ni shule ya msingi ya serikali mkoa wa Morogoro yenye kitengo. Kitengo kwa wasiojua ni darasa la watoto wenye mahitaji maalumu lililoko ndani ya shule ya kawaida. Cha kwetu kilikuwa chumba kimoja, watoto zaidi ya ishirini kwenye rejista ingawa hawaji wote siku moja, mdogo ana miaka saba na wakubwa wameshaota ndevu, humo humo kuna wenye usonji (autism), wenye ulemavu wa akili, wenye Down sindromu, na kuna mmoja ambaye mi nadhani shida yake ni kusikia tu na alitakiwa awe kwingine kabisa. Walimu wawili: Madam mwenyewe wa kitengo, amesoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Tengeru, na yuko na hawa watoto miaka mingi, na mwalimu wa pili ambaye alihamishiwa tu kutoka madarasa ya kawaida bila mafunzo yoyote. Halafu kuna Mama Zai, mhudumu, huyu anapika uji, anapeleka watoto chooni, anawabadilisha nguo, anakaa na wale ambao wazazi wamechelewa kuwafuata, na analipwa kwa michango ya wazazi, wale wanaoweza kuchanga. Namtaja mapema kwa sababu bila yeye hiki kisa kisingeenda popote.

Baraka ana miaka kumi. Ana usonji, alipimwa, karatasi ipo kwenye faili. Kuongea anaongea kidogo sana, anasema "maji", anasema "twende", na anarudia matangazo ya redio neno kwa neno kwa sauti ile ile ya mtangazaji, ukimuuliza "umekula?" anakujibu "umekula". Akiwa katulia ni mtulivu kuliko wote, anaweza kupanga vizibo vya soda kwa rangi zake muda mrefu bila kumgusa mtu. Sasa shida ni kung'ata. Anajing'ata mwenyewe nyuma ya kiganja cha kushoto, pale pana sugu nene kabisa, na anang'ata wengine, watoto, walimu, yeyote aliye karibu, akikosa wa kumng'ata anasukuma meza, anatupa madaftari, anakimbilia getini, na nje ya geti ni barabara, malori na bodaboda zinapita spidi.

Kila mtu pale shuleni alikuwa na maelezo yake. Mwalimu mmoja wa madarasa ya kawaida aliniambia ni mapepo, na alisema kwa huruma kabisa wala sio kwa ubaya. Mwingine akasema mama yake anamdekeza. Mwalimu wa pili wa kitengo yeye alisema ni ukorofi, akiona sura mpya anaipima. Madam hakusema kitu, aliniangalia tu akaniambia mwanangu we kaa naye kwanza ndo utaniambia. Na hilo ndo jambo la kwanza nataka mlishike, msifike na dawa mfukoni, mtu mzoefu akikwambia kaa naye kwanza kaa naye kweli.

Chuoni tulifundishwa kwamba tabia ina kazi. Mtoto anarudia kufanya kitu kwa sababu kinamletea kitu: labda kinamtoa kwenye jambo asilolitaka, labda kinawaleta watu kwake, labda kinampa chakula au mdoli anaoutaka, au mwili wenyewe unapata nafuu. Usipojua ni ipi kati ya hizo unaweza ukawa unamlipa mtoto kila siku kwa kitu kile kile unachotaka aache. Nilichukua daftari la kawaida la kaunta nikapiga mistari, safu ya kwanza nini kilikuwa kinaendelea kabla, ya pili alifanya nini hasa, ya tatu nini kilifuata. Kuandika "alifanya fujo" hairuhusiwi, unaandika alimng'ata nani wapi, mwalimu alikuwa amesema nini, nani alikuja, alipelekwa wapi. Mama Zai kuandika hapendi, basi ikawa kila mapumziko namfuata jikoni ananisimulia na mimi naandika, na niseme wazi safu ya "kabla" iliyo bora kwenye lile daftari ni ya kwake, maana yeye anaona vitu ambavyo mwalimu aliyegeukia ubao havioni.

Mwanzoni daftari lilionekana halina mpangilio. Siku moja anang'ata mara kibao, siku ya pili yake kimya. Ila nilipoanza kusoma kwa kushuka chini, safu moja moja, badala ya kusoma siku kwa siku, vitu viwili vikajitokeza. Kwanza kung'ata wengine na kutupa vitu kulikuwa karibu kote kati ya uji na chakula cha mchana, na ndani ya huo muda ni pale tu watoto wanapoambiwa watoe madaftari wanakili herufi kutoka ubaoni. Wakati wa nyimbo hamna. Wakati wa vizibo hamna. Wakati wa uji hamna kabisa, hata mwenzake akimgusa kikombe. Pili kujing'ata mkono ilikuwa stori nyingine kabisa, hiyo ilitokea hata akiwa amekaa raha na vizibo vyake, na nikirudi safu ya "kabla" nakuta kengele, nakuta darasa la pili nyuma ya ukuta wetu wameanza kuimba tebo kwa pamoja, nakuta ngoma za maandalizi ya mgeni. Kengele ya shule yetu ni rimu ya gari inayopigwa na chuma na imening'inizwa karibu na dirisha letu.

Yani ni mtoto mmoja, meno yale yale, lakini mambo mawili tofauti. Wote tulikuwa tunasema "Baraka anang'ata" tunaliweka kapu moja, tukitafuta sababu moja, tungepata dawa ya upande mmoja tukashangaa mbona upande wa pili haupoi. Leo Kanner, daktari aliyeelezea usonji mwaka 1943 kwa kuangalia watoto 11, alishaandika tangu wakati ule kuhusu watoto wanaorudia maneno ya wengine na wanaotishwa na kelele, kwa hiyo hakuna jipya hapo, ila kusoma darasani ni kitu kimoja na kuliona kwenye daftari lako mwenyewe kwa mtoto unayemjua ni kitu kingine.

Safu ya tatu ndo iliyoniumiza. Baada ya kung'ata kilichofuata kilikuwa kile kile karibu kila siku: kelele, mwalimu anasema "mtoe huyo", Mama Zai anamshika mkono anampeleka nje chini ya mwembe, anampa beseni la maji na vikombe vya uji aoshe. Baraka anapenda maji kuliko kitu chochote. Kwa hiyo angalieni tulichokuwa tunamfundisha bila kujua: ukipewa penseli na hutaki, ng'ata, utatolewa, utapelekwa kivulini, utapewa maji. Alikuwa mwanafunzi mzuri sana wa lile somo. Mama Zai hakuwa na kosa, alikuwa anaokoa watoto wengine, na mwalimu aliyesema mtoe naye alikuwa anafanya kinachowezekana kwenye chumba chenye watoto ishirini. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hapa kuna utafiti mmoja ambao nawaomba mwenye kusomea hii fani aujue. Mwaka 1985 kule Marekani Edward Carr na Mark Durand walifanya kazi na watoto wanne wenye ulemavu waliokuwa na tabia ngumu darasani, wakatafuta kwanza tabia ya kila mtoto inatokea lini, kazi ikiwa ngumu au watu wazima wakiwa hawamjali, kisha wakawafundisha sentensi fupi ya kuomba kile kile ambacho tabia ilikuwa inawaletea, mwenye kushindwa kazi aseme haelewi ili asaidiwe, mwenye kutaka kuangaliwa aulize kama anafanya vizuri. Tabia ilipungua. Na sehemu muhimu ni hii, ilipungua pale tu sentensi ilipolingana na sababu, wakimfundisha mtoto sentensi isiyo ya shida yake hakuna kilichobadilika. Sasa Baraka haongei sentensi, ila hoja inabaki ile ile, mtafutie njia nyingine ya kusema "nimechoka na hii, naomba kutoka", na hiyo njia iwe rahisi kwake kuliko kung'ata, na ilipe haraka kuliko kung'ata.

Kabla ya kuanza chochote Madam aliniambia niende kwa mama yake. Tulienda jioni, mama anakaanga mandazi ya kuuza, tukaamkiana, na kitu cha kwanza alichosema ni "nisameheni walimu wangu, mtoto wangu amewachosha". Hatukuwa tumesema neno bado. Mzazi ambaye kila akiitwa shule anaitwa kwa lawama anajifunza kuomba msamaha akiona tu walimu mlangoni, na hilo mi naliona ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia. Madam akamwambia mama Baraka hatujaja kwa shauri, tumekuja utufundishe, wewe unajuaje anachotaka? Yule mama akacheka kidogo akasema si ananishika mkono, ananivuta, anauweka mkono wangu juu ya kitu. Akitaka mlango ufunguliwe anaweka mkono wa mama kwenye komeo. Kumbe mawasiliano yapo, shuleni hatukuyaona kwa sababu akimshika mwalimu mkono kwa nguvu mwalimu anajua anataka kung'atwa, anauchomoa haraka.

Kingine mama alisema kuna usiku halali kabisa, anazunguka ndani mpaka alfajiri, na asubuhi anakuja shule hivyo hivyo kwa sababu mama lazima aende sokoni na hana wa kumwachia. Tulivyorudi niliongeza safu ya nne, "jana usiku", mama alikuwa anamwambia Mama Zai asubuhi getini, kalala au hajalala. Zile siku zilizokuwa zinaonekana hazina mpangilio zikapata mpangilio, siku mbaya kabisa nyingi zilitanguliwa na usiku wa kukesha. Usingizi ni shida ya kawaida sana kwa watoto wenye usonji lakini shuleni hatuulizi, tunaanza kuhesabu siku ya mtoto saa mbili asubuhi kana kwamba kabla ya hapo hakuwepo.

Tukakaa kupanga. Nilikata kipande cha manila nikachora mwembe na beseni, nikakizungushia selotepu kote kisilowe, nikakifunga uzi kwenye meza yake. Madam alikuwa na wasiwasi akanieleza bila kuficha: ukimpa kadi ya kutoka atatoka siku nzima, wengine watataka pia, na mkaguzi akija atanikuta watoto wako chini ya mwembe. Hizo sio hoja za mtu mkaidi, ni hoja za mtu anayeulizwa yeye mambo yakiharibika. Tulikubaliana hivi, mwanzoni kadi inaheshimiwa kila mara hapo hapo bila kumjadili, na akizoea kadi ndo tunaanza kuongeza kidogo kidogo kazi kabla ya kutoka. Tukikubali leo tukakataa kesho atarudi kwenye meno, meno hayajawahi kumwangusha.

Kufundisha kadi hakufanyiki mtoto akiwa amevurugika, akivurugika hajifunzi. Tulifanya wakati wa vizibo akiwa mzima, mimi nimekaa mbele yake, Mama Zai nyuma, anamshika mkono taratibu anaupeleka kwenye kadi, anaweka kadi kiganjani mwangu, mimi nasema "kutoka" na tunatoka pale pale. Rudia. Rudia tena. Mama Zai anapunguza kumshika kidogo kidogo, mkono, halafu kiwiko, halafu anamgusa bega tu. Siku aliyoichukua mwenyewe bila kuguswa akaibandika kiganjani kwangu, Mama Zai alipiga kigelegele mpaka walimu wa madarasa mengine wakachungulia dirishani.

Na kweli alitoka sana. Madam alikuwa sahihi, ile wiki ya kwanza Baraka alikuwa nje kuliko ndani. Lakini alikuwa nje bila kumng'ata mtu. Mi nasisitiza hapa kwa sababu wengi wanaachia njiani hatua hii, wanaona mtoto "ameshinda". Kashinda nini? Kaomba ruhusa. Watoto wa darasa la tano wakinyoosha kidole kuomba kwenda chooni tunaita adabu.

Wakati huo huo kazi yenyewe ilibadilika. Nilimwangalia akishika penseli, vidole vimelegea, anabonyeza mpaka karatasi inachanika, halafu herufi zenyewe za ubaoni hazina maana kwake, ananakili maumbo tu kwa maumivu. Nikaandika herufi na namba kwenye vizibo vyake kwa maka peni, akaanza kuzilinganisha na zilizo kwenye ubao mdogo, kizibo cha B juu ya B. Kazi ya mkono ikahamia kwenye mchanga kwenye trei, kidole kwanza, fimbo ndogo baadaye. Na tukaanza utaratibu wa kwanza hiki halafu kile, picha mbili zimebandikwa mezani, kwanza vizibo vitatu, halafu maji. David Premack, mwanasaikolojia, alishaonyesha zamani kwamba kitu mtu anachopenda kufanya kinaweza kumvuta afanye asichokipenda kama kikifuata nyuma yake, na kila mama aliyewahi kumwambia mtoto maliza ugali ndo ukacheze anaijua hiyo kanuni bila chuo.

Halafu ikaja wiki mbaya. Tulikuwa tumeanza kuongeza, yani akitoa kadi anamalizia kizibo kimoja kwanza ndo anatoka, na aking'ata hatoki, tunamzuia kwa usalama, tunawasogeza wenzake, tunasubiri atulie, anamaliza kidogo, ndo anatoka kwa kadi. Kitaalamu inajulikana, tabia iliyokuwa inalipa ukiacha kuilipa inaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka, mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi kitu ambacho siku zote kilifanya kazi. Kujua hivyo hakupunguzi maumivu. Alinishika mkono hapa juu ya kiwiko akakaza, na siku ile ile akamng'ata binti mmoja mdogo shavuni kidogo damu itoke. Mwalimu mmoja mwanamume kutoka madarasa ya juu alisikia kilio akaingia na fimbo mkononi, akasema nyie mnamlea huyu, nipeni dakika mbili.

Mimi ni mwanachuo, pale shuleni ni mdogo wa wote, kumsemesha mwalimu wa umri ule mbele ya watoto haikuwa rahisi, nilisimama tu kati yake na Baraka nikasema "mwalimu, shikamoo, naomba tumsubiri Madam". Madam akaja. Hakupandisha sauti. Akamwambia mwalimu mwenzangu, kanuni ya viboko unaijua, ni mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, haizidi vinne, inaandikwa kwenye kitabu, sasa nenda kamwandikie kabisa kwamba unamchapa mtoto asiyejua anachapwa kwa nini. Yule mwalimu akaondoka. Hizo kanuni zipo tangu 1979 na zilirekebishwa baadaye, na wanachuo wengi tunaenda BTP bila kuzijua, tunadhani kila mwenye fimbo ana ruhusa. Zijueni. Mimi binafsi naamini fimbo haina nafasi kwa mtoto yeyote wa kitengo, na kwa Baraka hata ukiweka utu pembeni, kuchapwa kungekuwa tukio lingine la kutisha asiloweza kulitabiri, na daftari lilikuwa linatuonyesha wazi vitu vya namna hiyo vinamfanya nini.

Jioni Madam alienda mwenyewe kwa mzazi wa yule binti aliyeng'atwa, akamweleza tunachofanya na kwa nini. Hilo pia ni sehemu ya kazi na halimo kwenye andalio la somo.

Tukizungumzia andalio, msimamizi wa chuo alikuja kututathmini katikati ya haya. Fomu ilikuwa na utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho, na yeye amekaa nyuma na kalamu, Baraka yuko nje anaosha vikombe katikati ya maarifa mapya. Akaniuliza mbona mwanafunzi yuko nje, nikampa daftari. Alilisoma muda mrefu. Alama sitozungumzia, ila aliniambia ningeandika kwenye andalio lenyewe, kwenye shughuli za mwanafunzi, kwamba mwanafunzi fulani atatumia kadi na atarejea, ili ionekane ni mpango. Ushauri mzuri na nawapa na nyinyi, kila marekebisho unayomfanyia mtoto mmoja yaandike ndani ya andalio, usiyabebe kichwani, maana kisichoandikwa kinaonekana ni uzembe.

Kuhusu kelele tulifanya mambo madogo. Meza yake ilihamia kona ya mbali na dirisha. Mama Zai akaongea na mtoto wa zamu ya kengele, awe anapita mlangoni kwetu kabla hajapiga, anaonyesha mikono masikioni, na Baraka akaanza kuziba masikio yake kabla. Kengele ikaacha kuwa shida kubwa ndani ya muda mfupi, kumbe sehemu kubwa ya shida haikuwa sauti tu, ilikuwa kushtukizwa. Tebo za darasa la pili hazikuisha, ukuta ni ule ule, na siku za ngoma alikuwa anajing'ata hadi naondoka. Tulijaribu kumpa kipande cha kitambaa kigumu ang'ate badala ya mkono, siku zingine anakubali, siku zingine anakitupa. Upande huo sina ushindi wa kuwaambia.

Upande wa kung'ata wengine kulikuwa na mabadiliko makubwa. Baada ya ile wiki mbaya ilianza kushuka, na kufikia mwisho wa BTP kung'ata mwenzake kulikuwa kumebaki kwa zile siku za baada ya kukesha, na hizo nazo tulishakubaliana akija hajalala anaanza siku na maji, madaftari baadaye. Alikuwa anamaliza vizibo vyote vya jina lake kabla ya kutoa kadi. Wengine nao kweli walizitaka kadi kama Madam alivyosema, binti mmoja aliiba ya Baraka akanipa mimi kwa heshima zote, na ikabidi tutengeneze zake. Mwalimu wa pili hakukubaliana nasi mpaka mwisho, akiwa peke yake darasani kadi haifanyi kazi, na Baraka alijua tofauti hiyo haraka sana, kwa mwalimu yule alirudi kung'ata. Sio kwamba ni mtu mbaya. Alipelekwa kitengo bila hata semina ya siku moja, na hapo lawama mi siziweki kwake.

Nilimwachia Madam daftari, na nakala ya kadi ikaenda kwa mama yake nyumbani, ile ya kutoka na nyingine ya maji ya kunywa. Kuna kitu kimoja mimi na Madam hatukukubaliana mpaka naondoka. Yeye anataka sasa Baraka aambiwe aseme "kutoka" kwa mdomo kwanza ndo kadi ipokelewe, anaogopa akizoea picha hataongea tena, na wazazi wengi wana hofu hiyo hiyo. Mimi nasema kadi ipokelewe siku zote, na sisi tuendelee kulitamka neno kila anapoitoa, tafiti zilizofanywa kwa watoto wanaotumia picha na ishara hazijaonyesha kwamba vinazuia kuongea, wengine huanza kuongea zaidi, na tukimwekea sharti la neno siku ambayo neno halitoki tutakuwa tumemrudisha kwenye meno. Amesema atajaribu njia yangu mpaka likizo, halafu ataamua mwenyewe.